Cheni ya Baba, Saa ya Nani?

Kubadilishana cheni kati ya saa mbili za mkono zinazofanana ni kazi ya dakika kumi kwa fundi anayeijua meza yake. Anasukuma pini kwa ncha ya kisu chembamba, cheni inaachia upande mmoja, anageuza saa, inaachia upande wa pili. Saa nyingine nayo vivyo hivyo. Kama nafasi kati ya masikio ya saa ni milimita 20 kwa zote mbili, na kile kipande cha mwisho cha cheni kimepinda kufuata mviringo wa bodi, basi ya huku inaingia kule na ya kule inaingia huku. Unalipa, unavaa, unaondoka. Vyuma ni vilevile, uzito uleule, zimeingia saa mbili na zimetoka saa mbili.

Swali langu ni kama kuna mtu anaweza kuwa amekosewa hapo. Mwizi hayupo. Wenye saa wamekubaliana. Lakini anzisha mjadala huu kibarazani uone: watu wataanza kwa kucheka, na kabla chai haijapoa wawili watakuwa wamenuniana. Kitu ambacho hakina uzito hakiwanunishi watu wazima.

Naandika nikiwa Laela, na najua utaniuliza saa za kifahari na Laela wapi na wapi. Laela ni mji wa barabarani, kilomita kama 95 kutoka Sumbawanga ukielekea Tunduma. Tangu lami ifike, bidhaa inayopita mpakani Tunduma asubuhi inaweza kuwa mnadani kwetu mchana, saa zikiwemo. Zipo za bei ya kuku zenye taji la Rolex usoni, na hizo hazimdanganyi mtu. Lakini zipo pia, moja moja, za kweli: Seiko aliyoileta mjomba miaka hiyo, Citizen ya mwalimu mstaafu, Omega ambayo mwenyewe haivai ila kwenye harusi. Na ufahari haupimwi Geneva peke yake. Saa iliyomgharimu mkulima magunia kumi ya mahindi ni ya kifahari mkononi mwake kuliko Rolex mkononi mwa tajiri aliyeinunua bila kuuliza bei.

Wanafalsafa wana mfano wao wa zamani kuhusu vitu vinavyobadilishwa vipande. Plutarch anasimulia kwamba Waathene waliitunza meli ya Theseus kwa kutoa ubao uliooza na kuweka mpya, mmoja baada ya mwingine, hadi wasomi wakaanza kubishana kama bado ni meli ileile. Thomas Hobbes, mwaka 1655, akaongeza uchokozi: tuseme kuna mtu aliyekuwa akiziokota zile mbao kuukuu, akaziunganisha tena kwa mpangilio wake wa mwanzo. Sasa kuna meli mbili. Ya Theseus ni ipi? Ni mfano mtamu na umeajiri maprofesa wengi. Ila ukiuleta kwenye saa zetu mbili unagundua unauliza kitu ambacho hakimuumi mtu. Hakuna anayelala macho wazi akijiuliza kama saa yake baada ya kubadilishwa cheni ni ileile. Bila shaka ni ileile, mashine ndiyo ile na namba mgongoni ndiyo ile. Kinachouma kipo kwingine.

Kwetu Ufipa hatuhitaji kwenda Athene kutafuta mfano, tuna jembe. Nyanda hizi zilikuwa nchi ya chuma. Wafipa walijenga matanuru marefu ya udongo, malungu, mengine yakifika karibu mita 3, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Chuma ghafi kilichotoka humo kilisafishwa tena kwenye tanuru dogo, kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipofanya kazi. Profesa Bertram Mapunda ameandika kitabu kizima kuhusu ufuaji chuma wa Wafipa, na mabaki ya malungu yapo mpaka leo kwa anayetaka kuyaona. Dawa zilizikwa chini ya tanuru kabla ya kuwasha moto, na tanuru lenyewe lilitunzwa kama bibi harusi. Hayo yote, heshima yote hiyo, kwa ajili ya chuma ambacho mwisho wake ni jembe. Na jembe, likishakuwa jembe, mpini ukivunjika unachongwa mwingine. Bapa likiisha, linatafutwa lingine. Bibi akikwambia "hili jembe ni la tangu nimeolewa", usijaribu kumletea habari za Hobbes.

Sehemu nyingi za bara, majembe yalilipwa mahari. Hili nalitaja kwa sababu linafungua mlango ninaoutaka. Jembe la mahari halikuwa jembe fulani. Ungeweza kupeleka hili au lile, mradi ni zima na hesabu imetimia. Ni kama debe la mahindi: ukikopa kwa jirani mwezi wa pili, mwezi wa saba hurudishi punje zilezile, unarudisha debe, na hakuna kesi. Lakini jirani huyohuyo akikuazima mwanawe akuchungie ng'ombe siku mbili, huwezi kumrudishia mtoto mwingine mwenye kimo kilekile ukasema tumemalizana. Kwa hiyo kuna vitu vinavyolipika kwa wenzake na vitu visivyolipika kwa wenzake, na sehemu kubwa ya ugomvi wa mali duniani inatokea pale mmoja anapodhani kitu kiko kundi la kwanza wakati kwa mwenzake kiko kundi la pili.

Saa iko kundi gani?

Kiwandani wanakwambia bila kusita: la kwanza. Imetengenezwa kwa maelfu, kipande cha hii kinaingia kwa ile, hiyo ndiyo sifa yake. Na historia ya saa za kifahari inawaunga mkono kwa namna ambayo wanunuzi wengi hawaijui. Hans Wilsdorf, aliyeanzisha biashara yake London mwaka 1905 na kuipeleka Geneva baada ya Vita Kuu ya kwanza, alitaka kuuza saa ya bei nafuu kuliko Rolex kupitia wauzaji walewale wa Rolex. Hiyo ndiyo Tudor, jina lililosajiliwa mwaka 1926. Mashine ya ndani ilinunuliwa kwingine. Lakini bodi, kifuniko cha nyuma, kile kitufe cha kuvutia na cheni vilikuwa vya Rolex, vikiwa na alama za Rolex. Kwa miongo kadhaa, hadi miaka ya 1990, mtu alinunua Tudor dukani kihalali kabisa akaikuta taji la Rolex kwenye kifungio cha cheni. Hakuna aliyeita utapeli.

Sasa chukua Tudor ya namna hiyo na Rolex ya miaka hiyohiyo, ukabadilishane cheni. Zinaingia bila tabu, zimetoka kiwanda kimoja. Na jina lililo kwenye kifungio ni la Rolex huku na huku. Umekosea nini? Naona hujakosea kitu. Sasa chukua cheni hiyohiyo yenye taji uifunge kwenye saa ya bei ya kuku kutoka mnadani, uiuze kwa mtu wa Mbozi. Hapo kila mtu anaona kosa. Lakini tusikimbie: chuma ni kilekile, taji ni lilelile, kitendo cha vidole vya fundi ni kilekile. Kilichobadilika ni nani anasema. Alama kwenye kifungio ni sauti ya mtu. Ni Wilsdorf anasema, "Hii nimeitengeneza mimi, ikiharibika njooni kwangu." Alipoiweka kwenye Tudor alikuwa anasema kwa kinywa chake. Anayeihamishia kwenye saa ya mnadani anasema kwa kinywa cha mwenzake, na aliyesemewa hayupo wa kukanusha.

Kwa hiyo upande huu wa swali sioni ugumu wake uko wapi, ingawa watu wanapenda kuufanya mgumu. Ukiuza saa yenye cheni isiyo yake, sema. Wakusanyaji wa saa Ulaya na Marekani wana utaratibu mkali kuhusu hili, mkali mpaka unachekesha. Kuanzia mwaka 1976 Rolex ilikuwa ikigonga ndani ya kifungio herufi ya mwaka, na wapo wanaofungua kifungio kwanza kabla hawajaangalia uso wa saa, kuona kama cheni na bodi vilizaliwa pamoja. Cheni ikiwa imetangulia au imechelewa sana, bei inashuka. Unaweza kusema ni wendawazimu wa watu wenye pesa, na kwa kiasi ni kweli. Ila chini yake kuna jambo la haki: mnunuzi anataka ajue ananunua nini, tofauti na anachodhani.

Ugumu mdogo upo kwa mtazamaji. Jamaa kavaa Tudor yenye cheni ya taji, au Seiko aliyofungia cheni iliyotengenezwa kuiga ya Rolex, yuko kwenye basi la Sumbawanga. Abiria wa pembeni anaangalia, anavutiwa, anamwona bosi. Je, abiria ametapeliwa? Sidhani. Hakuna anayemdai mwenzake maelezo ya mkono wake kwenye basi. Tungekuwa tunadaiana hivyo, nani angevaa suti ya mtumba? Lakini jamaa huyo akiingia ukweni kupanga mahari, akanyanyua mkono makusudi kila anaposema, ili wakwe waone ana uwezo wa kumtunza binti yao, hapo saa imeshakuwa maneno, na maneno yana ukweli na uongo. Mstari ninaouona mimi ni huo: chuma kinakuwa uongo siku kinapotumika kumfanya mtu atoe kitu ambacho asingekitoa.

Jina lenyewe, kwa kweli, halina adabu, linatembea. Uganda ukiagiza rolex unaletewa chapati iliyoviringishwa na mayai, moto kutoka kwenye kikaango, na hakuna Mswisi aliyedhulumiwa. Nayapenda majina yanapojitawala hivyo.

Tuache majina, tuje kwenye kundi la pili, vitu visivyolipika kwa wenzake.

Tuseme kuna mzee Laela, dereva wa malori mstaafu, amefariki. Ameacha saa mbili za Seiko 5 zinazofanana kila kitu. Ni mfano, usimtafute. Zilinunuliwa siku moja kwa sababu muuzaji alimpunguzia bei. Moja aliivaa kila siku kwa miaka ishirini na zaidi. Ya pili ilibaki kwenye boksi, akisema ni ya akiba. Kwenye kikao cha kumaliza msiba, baba mkubwa anagawa: kaka mkubwa apewe ile aliyokuwa anaivaa marehemu, mdogo wake apewe ya kwenye boksi. Wote wanashukuru.

Wiki mbili baadaye kaka anamwambia mdogo wake: "Hebu tubadilishane cheni. Hii yangu imelegea, inacheza mkononi, imejaa mikwaruzo. Yako inang'aa. Wewe uko shamba muda mwingi, utaikwaruza tu." Mdogo anasema, "Sawa, kaka." Angesema nini tena? Fundi, dakika kumi.

Mwaka unapita. Kaka sasa ana saa ya baba yenye cheni mpya, mdogo ana saa mpya yenye cheni ya baba. Siku moja shangazi anafika kutoka kijijini, mdogo anampokea mzigo, na shangazi anaushika mkono wake, ananyamaza, kisha anasema, "Umevaa saa ya baba yako." Kaka yuko palepale, na saa ya baba anayo yeye.

Basi kaka anataka cheni irudi.

Hapa ningependa msomaji asiwe na haraka ya kutoa hukumu, kwa sababu shangazi hajakosea na kaka naye hajakosea. Kwa hesabu ya kiwanda, saa ya baba ni ya kaka: mashine iliyohesabu saa za safari za baba, usiku wa kulala Tunduma kusubiri mpaka ufunguliwe, iko mkononi mwake. Lakini fikiria mashine ya saa inajua nini. Inajua kuzunguka. Baba angempa mtu mwingine saa hiyo aivae miaka ishirini, mashine ingekuwa hivyohivyo. Sehemu pekee ya saa inayomjua mvaaji ni cheni. Siku ya kwanza fundi alitoa vipande vitatu ili ienee kwenye kiwiko cha baba, kwa hiyo urefu wake ni kipimo cha mwili wa baba. Pini zililika kidogo kidogo kwa uzito na jasho, cheni ikarefuka, ikalegea, ikawa na mlio wake. Mkwaruzo mrefu kwenye kifungio ni wa mlango wa lori. Uchafu mweusi kati ya vipande, wenye kuvaa saa mnaujua, ni vumbi la barabara lililochanganyika na ngozi ya mtu. Baba yumo mle, na sisemi kwa lugha ya ushairi.

Na ajabu ni kwamba soko limeipanga cheni kinyume kabisa. Sokoni, cheni ndiyo kitu cha kubadilishwa, kama tairi, na iliyolegea ni kasoro, inashusha bei. Wajapani wenyewe wa Seiko, walipotoa Seiko 5 mwaka 1963, walisema ile namba tano ni sifa tano za saa hiyo: inajijaza yenyewe, siku na tarehe viko kwenye dirisha moja, haiingizi maji, kitufe kimejificha upande wa saa kumi, na ya tano, bodi na cheni imara za kudumu. Kwa hiyo ukiwa mbishi unaweza kusema Seiko 5 isiyo na cheni yake ni Seiko 4 na nusu. Mimi si mbishi kiasi hicho. Lakini napenda kwamba walau kiwanda kimoja kiliihesabu cheni kuwa sehemu ya jina.

Soko nalo lina siku zake za kukiri. Marlon Brando, alipoigiza Kanali Kurtz kwenye filamu ya Apocalypse Now, iliyotoka mwaka 1979, alikuwa amevaa Rolex yake mwenyewe aina ya GMT-Master. Inasimuliwa kwamba aliambiwa aivue kwa kuwa ingevuta macho ya watazamaji. Yeye akaing'oa ile pete ya rangi inayozunguka uso wa saa, akaendelea kuivaa. Mgongoni alikuwa ameichonga jina lake kwa mkono, mchoro wa ovyo wa mtu asiye sonara. Desemba 2019 saa hiyo iliuzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni 1.9. Kwa utaratibu wa wakusanyaji, saa iliyong'olewa pete na kukwaruzwa mgongoni ni ya kutupwa pembeni. Hii ilipanda kwa sababu mwili wa mtu fulani ulikuwa umepita juu yake na kuacha alama. Oman nako, Sultan Qaboos aliagiza saa za Rolex kupitia duka la Asprey la London, zikiwa na alama ya jambia na taji lake, akazigawa zawadi. Leo zinatafutwa kwa bei ambayo chuma chake hakiielezi. Tajiri akinunua mguso wa sultani kwa mamilioni tunamwita mkusanyaji. Mdogo mtu wa Laela aking'ang'ania mguso wa baba yake tunamwambia mwanangu, hicho ni kicheni tu, mrudishie kaka yako.

Basi nani ana haki? Wapo watakaosema makubaliano ni makubaliano: kaka aliomba mwenyewe, alitaka kung'aa, abaki na mng'aro wake. Hoja ina nguvu, na nadhani ndiyo itakayoshinda mwishoni. Ila ina kasoro moja. Makubaliano yale yalifanyika kwa sharti ambalo hakuna aliyelitamka, kwamba cheni ni debe la mahindi. Kaka aliamini hivyo kwa dhati. Mdogo, sijui. Huenda naye aliamini, akagundua baadaye alipoivaa usiku na kusikia mlio. Huenda alijua tangu mwanzo akanyamaza, na kama alijua, ule utiifu wa "sawa, kaka" una ujanja ndani yake. Lakini pia, ulikuwa wajibu wa nani kusema? Mkubwa ndiye aliyeomba, na mkubwa akiomba kwa mdogo wake, kwa malezi yetu, hilo si ombi kamili. Mwenye nguvu ya kukubaliwa hata asipostahili ndiye anayepaswa kuuliza mara mbili. Kaka hakuuliza hata mara moja. Aliitazama cheni ya baba yake, akaona kasoro, na kasoro zile ndizo zilikuwa urithi.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema suluhisho ni rahisi, zirudishwe kila moja mahali pake, fundi yupo, dakika kumi. Zikirudi, mdogo atakuwa amenyang'anywa kitu alichokitunza mwaka mzima wakati mwenzake hakitaki, na kaka atakuwa amejifunza kwamba anaweza kuacha kitu na kukirudia kwa kuwa yeye ni mkubwa. Kama ningekuwa baba mkubwa kwenye kikao hicho ningesema cheni ibaki ilipo. Na ningemwambia kaka aivue ile inayong'aa aweke mkanda wa ngozi, kwa sababu cheni mpya kwenye saa ile inasema jambo ambalo halikutokea, kwamba baba aliishi maisha yasiyo na mikwaruzo. Najua kuna mtu ataniona nimezidisha. Azungumze na shangazi.

Kuna mtu mmoja hajaulizwa mpaka sasa, na kwenye vikao vya aina hii mara nyingi huwa haulizwi: mama. Saa ziligawiwa yeye akiwa chumba cha pili na wanawake wenzake, cheni zikabadilishwa kwa fundi, ugomvi ukaja na ukapangiwa kikao. Wakati yeye ndiye aliyekuwa akisikia ule mlio saa nane za usiku, lori likishazimwa barabarani, kabla mlango haujagongwa. Kwake cheni ilikuwa na kazi nyingine kabisa, ambayo Seiko hawakuihesabu kwenye zile tano. Mdogo, mkono wake ni mwembamba kuliko wa baba, kwa hiyo alipoanza kuivaa fundi ilibidi atoe vipande vingine viwili. Alimfungia kwenye kipande cha nailoni, akamwambia atunze, huenda akanenepa. Mdogo alipofika nyumbani alimpa mama amwekee, mama akavitia kwenye kopo la vifungo, na hakuna aliyemwambia vimetoka wapi. Hakuuliza. Alivishika kidogo, akavitikisa kiganjani karibu na sikio, kisha akafunga kopo.